Somo: Mizani au kijiko? Namna ya kupima chakula unapohesabu kalori

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, kwa maneno tofauti lakini kwa maana ileile: "Nakula vijiko viwili tu, nimehesabu kila kitu, mbona uzito haushuki?" Badala ya kuendelea kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa utaratibu mzima, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza kwenye hatua inayomhusu. Somo hili ni la mtu ambaye tayari ameamua kuhesabu kalori. Halimshawishi asiyetaka, wala halichukui nafasi ya daktari au mtaalamu wa lishe kwa mjamzito, mtoto au mgonjwa.

Msimamo wangu ni kwamba mizani si ya kila kitu. Ni ya mafuta na vyakula vyenye mafuta mengi, ya nafaka na unga, na ya sufuria inayopikiwa watu wengi. Kwa vilivyobaki kijiko kinatosha, na vingine havihitaji kupimwa kabisa.

Hatua ya 1. Tafuta mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja na kubeba angalau kilo 5. Mizani ya mshale haifai kwa kazi hii, kwa sababu kijiko kizima cha mafuta hakiutikisi mshale vya kutosha kukuambia chochote.

Hatua ya 2. Iweke mahali palipo sawa na pagumu, uiwashe, na uhakikishe inasoma g, si oz wala ml. Hesabu ya ml katika mizani nyingi imejengwa juu ya uzito wa maji, kwa hiyo ukipimia mafuta itakudanganya. Ijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa: inapaswa kusoma gramu 1,000 na ziada kidogo ya karatasi.

Hatua ya 3. Anza na mafuta, kwa sababu ndiyo yenye kalori nyingi kuliko kitu kingine chochote jikoni: gramu moja ina takriban kalori 9, ilhali gramu moja ya sukari ina takriban 4. Kijiko halisi cha kipimo, cha ml 15, hubeba gramu 13 hadi 14 za mafuta, yaani kalori zipatazo 120. Lakini kijiko cha kabatini kwako si kipimo, na mkono unaomimina haukomei ukingoni. Kwa hiyo usipime kwa kijiko. Weka chupa nzima ya mafuta juu ya mizani, bonyeza kitufe cha TARE hadi isome sifuri, inua chupa, mimina sufuriani, kisha irudishe palepale. Ikisoma -18, umetumia gramu 18. Zidisha kwa 9. Fanya vivyo hivyo kwa kopo la siagi ya karanga: gramu 16, ambazo ndizo kijiko kimoja kilichosawazishwa, zina kalori zisizopungua 90, na kijiko kinachotoka koponi na mlima wake hufika gramu 30 bila mtu kuona ajabu yoyote.

Hatua ya 4. Kwa sukari, unga na maziwa ya unga, ukilazimika kutumia kijiko, kisawazishe kwa mgongo wa kisu. Lumbesa imepigwa marufuku sokoni, lakini kwenye mabakuli yetu ya sukari bado inatawala. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, yaani kalori 16. Cha lumbesa huweza kubeba gramu 7 au 8. Kwa mtu anayeweka vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku, tofauti hiyo ni kati ya kalori 190 na zaidi ya 330, na daftari lake litaendelea kusema "vijiko 12".

Hatua ya 5. Amua mapema kama unapima kikiwa kibichi au kimeiva, na uandike neno hilo kando ya kila namba. Mchele mbichi una takriban kalori 360 kwa gramu 100. Wali ulioiva kwa maji matupu una takriban 130, kwa sababu umekunywa maji. Anayepima gramu 200 za wali na kuzihesabu kwa namba ya mchele ameandika kalori 720 badala ya 260. Kosa hili ni kubwa kuliko kosa lolote la kijiko, na mwenye mizani ya bei kubwa hulifanya sawasawa na asiye nayo.

Hatua ya 6. Sufuria ya familia. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma polepole. Huwezi kujua kalori za sahani yako kwa kuitazama, na programu za simu zinazokuambia "maharage, upawa mmoja" hazijui umetia mafuta kiasi gani. Utaratibu ni huu: pima sufuria tupu na uandike uzito wake, pima kila kiungo chenye kalori kikiwa kibichi na ujumlishe kalori zote, chakula kikiiva, pima sufuria pamoja na chakula, toa uzito wa sufuria, kisha gawanya kalori zote kwa gramu za chakula. Chukua mfano wa maharage: gramu 500 za maharage makavu (kalori 1,700), gramu 60 za mafuta (540), gramu 150 za vitunguu (60) na gramu 300 za nyanya (54). Jumla ni kalori 2,354. Sufuria tupu ni gramu 900, ikiwa na maharage yaliyoiva ni gramu 2,700, basi chakula ni gramu 1,800. Kila gramu ina kalori 1.3, na ukijipakulia gramu 250 umekula takriban kalori 325. Maji hayana kalori, kwa hiyo hayamo kwenye jumla, lakini yamo kwenye uzito wa mwisho, ndiyo maana maharage ya rojo zito na ya mchuzi mwingi hayawezi kuwa na namba moja.

Sasa tahadhari. Usitegemee kitufe cha TARE kukukumbushia uzito wa sufuria, kwa sababu mizani hizi hujizima zenyewe baada ya dakika chache, na ikijizima, sifuri uliyoiweka imepotea huku chakula tayari kimo jikoni. Kwaruza uzito wa kila sufuria chini ya kitako chake kwa ncha ya msumari, mahali palepale tunapoandika majina ya sufuria zinazokwenda shughulini. Pima mara zote mbili bila mfuniko na bila mwiko. Mwiko mmoja wa mti ukisahauliwa ndani ya sufuria huharibu hesabu nzima. Usiweke sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja juu ya mizani, kwa kuwa joto huyeyusha plastiki na kuvuruga usomaji: tanguliza kibao cha kukatia, kisome sifuri, ndipo uweke sufuria. Na kama jumla inapita kilo 5, usiilazimishe. Hamishia chakula kwenye bakuli, pima bakuli baada ya bakuli, ujumlishe.

Kosa la mafuta kwenye sufuria hugawanywa kwa walaji wote, lakini kosa la siagi ya karanga kwenye mkate wako ni lako peke yako. Kama huna nafasi ya kupima vyote, anza na kile unachokipaka na kukikoroga mwenyewe.

Hatua ya 7. Chumvi, limau, siki, tangawizi na viungo vya pilau usivipime kwa ajili ya kalori. Mchicha na sukuma wiki pima mafuta yake tu. Namba za vyakula vyetu utazikuta katika majedwali ya virutubisho vya vyakula ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, ambayo ni salama zaidi kuliko namba zilizojazwa na watumiaji kwenye programu za simu.

MASWALI

Mlaji Makini: Asante kwa somo zuri. Kwa hiyo kijiko kimoja cha mafuta kina kalori ngapi?

Mtoa somo: Limejibiwa katika hatua ya 3.

Binti wa Pangani: Shikamoo mwalimu. Baada ya kusoma nimepima maji kwa vyombo vyangu: kijiko kimoja cha mezani kimetoa gramu 9, kingine 12, na upawa wa mchuzi 41. Je, naweza kutumia namba hizi kwa mafuta, au mafuta yana uzito wake?

Mtoa somo: Marahaba. Swali hili ni zuri kuliko somo lenyewe. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo umeshapata ujazo wa vyombo vyako. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea: mililita moja ina takriban gramu 0.92. Kijiko chako cha 12 hubeba gramu 11 za mafuta, kalori kama 99. Upawa wako hubeba gramu 38, kalori kama 340. Angalia pia kwamba vijiko vyako viwili, ambavyo sote tungeviita "kijiko cha chakula", vimepishana kwa theluthi nzima. Jambo moja la kuongeza: mizani ya gramu moja moja si hodari kwa uzito mdogo, kwa hiyo chota mara kumi, kisha gawanya kwa kumi.

Mzee wa Kazi: Bibi zetu walipika bila mizani na hawakuwa na vitambi. Haya ni mambo ya kuiga tu.

Mtoa somo: Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, na aliyepunja walimjua. Walitwanga, walilima, na hawakuwa na ndoo ya mafuta ya lita 20 karibu na jiko. Aya ya kwanza imeeleza somo hili ni la nani. Hakuna aliyekulazimisha kulifuata.

Kimya Kingi: Mkuu, niambie tu ugali wa saizi ya kati una kalori ngapi, sina muda wa kusoma yote.

Mtoa somo: Saizi ya kati ya nani? Hatua ya 6.

Dada wa Nakuru: Mimi nimesoma yote. Ugali wetu huacha ukoko mzito sufuriani, na hakuna anayeula. Je, niutoe kwenye hesabu, na kwa namba gani? Maana ni mkavu kuliko ugali wenyewe.

Mtoa somo: Umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Kwa kuwa maji yake yamekauka, ukoko una kalori nyingi kwa gramu kuliko ugali, kwa hiyo usiupe namba moja na ugali. Uchukulie kama unga. Geuza ugali kwenye sinia lililopimwa tupu na upime huko, kisha pima sufuria ikiwa na ukoko na utoe uzito wake mtupu. Tuseme umetumia gramu 500 za unga, kalori 1,800, na ukoko ni gramu 40, kalori 140 au zaidi kidogo. Zinazobaki ni 1,660. Gawanya kwa uzito wa ugali ulio kwenye sinia. Kama umetoka gramu 1,300, kila gramu ina takriban kalori 1.28. Ukiusonga mgumu zaidi, namba itapanda.

Fundi Bomba: Na kuku wa kienyeji mwenye mifupa je? Siwezi kuchambua nyama yote kabla ya kupika.

Binti wa Pangani: Samahani mwalimu kwa kuingilia. Mimi hupima kipande changu kikiwa sahanini, kisha baada ya kula naweka mifupa kwenye bakuli lililosomwa sifuri na kuitoa.

Mtoa somo: Umejibu vyema, sina la kurekebisha. Ndugu Fundi, kumbuka tu kutumia namba ya kuku aliyeiva, kwa sababu nyama hupoteza karibu robo ya uzito wake motoni, na amua kama ngozi umeila au umeiacha.

Msomaji wa Kigoma: Mama yangu ana kisukari na kliniki wamemwambia apunguze wali. Nimpimie mbichi au ulioiva?

Mtoa somo: Kwa mama ni wanga unaohesabiwa zaidi kuliko kalori. Mchele mbichi una takriban gramu 80 za wanga kwa kila gramu 100. Wali ulioiva una takriban 28. Njia yoyote ni sawa mradi usichanganye, ila kwa mtu mmoja ni rahisi kumpimia mchele wake mbichi na kumpikia kwenye kisufuria chake. Kiasi chenyewe kipangwe na kliniki, hasa kama anatumia sindano za insulini, kwa sababu kupunguza wali bila kurekebisha dawa kunaweza kushusha sukari kupita kiasi. Nenda naye mkiwa na daftari la vipimo vya wiki nzima. Litawasaidia wahudumu kuliko maelezo ya "sahani ndogo".

Mlaji Makini: Mizani yangu leo inasoma 3, mara 7, mara 0, na hakuna kitu juu yake. Ni mbovu?

Mtoa somo: Badilisha betri kwanza. Kama haijatulia, iondoe karibu na feni na uifute miguu. Punje moja ya mchele iliyonasa chini ya sahani yake inatosha kuizuia isikae sawa. Na ukimimina kitu kidogo kidogo mno, baadhi ya mizani haitambui ongezeko hilo. Nyanyua chombo, kisha ukirudishe.

Mpika Maandazi: Ninayo ile ndogo ya sonara inayosoma 0.1 g. Inafaa?

Mtoa somo: Inafaa sana kwa hamira na hiliki. Kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu ni takriban gramu 3, na mizani kubwa huweza kukosea gramu nzima hapo. Kwa sufuria haifai, nyingi hazivuki gramu 500. Unga wa maandazi pima kwa ile kubwa, kwa sababu kikombe kimoja cha unga huweza kuwa gramu 120 ukichotwa kwa wepesi na 150 ukishindiliwa, na tofauti hiyo utaiona kwenye donge kabla hujaiona kwenye kalori.