Namna ya kulinda afya ya akili ya wafanyakazi katika kampuni ya utalii

Nimefanya kazi ya afisa utumishi katika kampuni za utalii hapa Arusha, na mwajiri anaponiuliza kuhusu afya ya akili ya watu wake, mara nyingi anachotaka ni jina la mtoa semina. Semina inaweza kusubiri. Dereva aliyefika karakana saa tano usiku akitokea Serengeti, kisha akatakiwa kupokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) saa moja asubuhi, ataisinzia semina hiyo hata ingekuwa nzuri kiasi gani.

Hatua ya kwanza: kagua ratiba. Chukua ratiba za safari za miezi mitatu iliyopita, na mbele ya kila jina andika siku alizolala mbali na familia yake, saa aliyorejea na saa aliyoondoka tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, na saa 24 za mapumziko mfululizo kila wiki. Katika miezi ya Juni hadi Oktoba, wageni wanapojaa, utaona majina mawili au matatu yakijirudia, kwa kawaida ya wale wanaosifiwa kwa uchapakazi. Anza na hao, ukiwapangia siku za nyumbani kabla ya kuuza safari inayofuata.

Hatua ya pili: ondoa mashaka ya fedha. Masika yakianza mwezi Machi safari hupungua, na asiyejua kama ataitwa kazini Aprili huanza kukosa usingizi tangu Januari, kwa kuwa ada ya mtoto na kodi ya nyumba hazina msimu. Tangaza mapema nani atabaki, nani atachukua likizo yake ya mwaka na kwa malipo gani. Posho ya safari ilipwe kabla ya gari kuondoka.

Hatua ya tatu: wafundishe wasimamizi kuuliza. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu salamu zetu zina majibu yaliyokwisha kuandaliwa: ukiuliza "habari za nyumbani", utajibiwa "nzuri" hata kama nyumbani kuna msiba. Uliza jambo dogo linalojibika, faraghani, kwa kutaja ulichokiona: "Kaka, wiki hizi mbili naona chakula cha mchana huli na wenzako. Usiku unapata usingizi?" Kisha nyamaza usikilize. Usianze kwa kutaja "tatizo la akili", maana wengi wetu tukisikia maneno hayo tunaelewa kichaa, na mazungumzo hufungwa palepale. Msimamizi kijana naye asitumwe peke yake kumhoji dereva mwenye umri wa baba yake. Baada ya shikamoo mzee huyo hatamweleza lolote, hivyo mtafute mtu wa rika lake.

Hatua ya nne: tunza siri. Niliwahi kuandika sababu ya ruhusa ya mfanyakazi kwenye jedwali lililokuwa wazi kwa ofisi nzima, na kabla ya chai ya saa nne habari ilikuwa imefika karakana. Mfanyakazi yule hakuniamini tena, wala simlaumu. Tangu hapo jedwali huonyesha tarehe tu, na cheti cha daktari hukaa kwenye jalada lililofungiwa.

Hatua ya tano: ijue njia ya matibabu kabla hujaihitaji. Kwa Arusha ipo Hospitali ya Mount Meru. Kwa Moshi zipo Mawenzi na KCMC. Uliza mapema kama bima ya kampuni inagharamia ushauri nasaha na dawa za sonona. Sheria inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Mtu akitamka kwamba anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: panga kurudi kwake. Kabla hajarejea, kaa naye mkubaliane mambo mawili: wenzake waambiwe nini, na aanze na kazi ipi. Kwa dereva, mimi hupendekeza safari ya siku moja ya Tarangire, inayomrudisha nyumbani jioni, mara mbili au tatu, kabla ya kumpa tena safari ya siku saba ya Serengeti.