Kumi la mwisho: kukaa itikafu, kutafuta Laylatul Qadri na kutoa zakatul fitri

Katika hesabu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo kumi la mwisho la Ramadhani huingia jua linapozama siku ya 20 ya kufunga, na usiku huo ndio wa 21. Anayengoja mpaka aifunge siku ya 21 ndipo aende msikitini ameshapitwa na usiku mmoja, tena wa witri, yaani wa hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi jioni mwaka mzima. Mwenye nia ya itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, ya siku zote atoke kazini mapema, asije akakutwa na adhana ya magharibi katikati ya foleni ya magari.

Wengi hukesha usiku wa 27 peke yake. Tunawasihi waliache jambo hilo. Mtume (s.a.w.) ameagiza Laylatul Qadri, usiku wa cheo, itafutwe katika nyusiku za witri za kumi la mwisho, na katika hadithi nyingine akazihesabu kwa zilizobaki: tisa, saba, tano. Mwezi ukiwa wa siku 29, usiku ambao zimebaki tisa ni wa 21. Ukitimia 30, ni wa 22. Na nani ajuaye mwezi utakuwa wa siku ngapi kabla haujaandama? Tena wapo wanaofuata tangazo la Baraza Kuu la Waislamu Uganda na wapo wanaofuata la Saudia, hivyo miaka mingine witri ya mmoja ni shufwa (hesabu inayogawanyika kwa mbili) ya jirani yake. Simama zote kumi, hata kwa rakaa chache.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi hapa, itikafu haina kima cha chini cha saa. Mfanyabiashara wa soko la Owino au dereva wa boda boda asiyeweza kuacha riziki siku kumi anaweza kunuia kila usiku, kuanzia isha hadi alfajiri. Ukitoka bila azma ya kurudi, weka nia upya unapoingia tena. Kutoka kwa haja, kutawadha, au kula pasipo na wa kukuletea hakuna tatizo. Kutoka kwenda kuangalia duka kunaikata. Mwanamke naye, kwa Shafi, hukaa msikitini kwa idhini ya mumewe. Aliye katika hedhi hakai, lakini dhikri, istighfari na dua ni zake usiku kucha.

Beba mkeka, shuka, mswaki, nguo za kubadilisha na chandarua. Ramadhani ikiangukia Machi au Aprili, ongeza blanketi, maana mvua za masika hupoza sakafu na kuleta mbu. Futari iwe nyepesi: uji, tende, kipande cha muhogo. Anayeshiba posho (ugali) na maharage magharibi husinzia katika tarawehe, na kosa hili huharibu nyusiku nyingi kuliko uchovu wa kazi.

Magharibi hadi alfajiri hapa ni muda wa kama saa kumi na nusu, hivyo theluthi ya mwisho ya usiku huanza karibu saa nane usiku. Lala baada ya tarawehe, amka saa saba na nusu, utawadhe, uswali rakaa mbili mbili. Kama uliswali swala ya witri na imamu usiirudie. Hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Dua aliyofundishwa Bi Aisha irudie sana: Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa fa'fu anni. Kwa Qur'ani, mwenye juzuu 10 zilizobaki (kati ya 30 za msahafu) asome moja kwa siku. Katika msahafu wa Madina ni kurasa kama 20, yaani 4 baada ya kila swala ya faradhi.

Zakatul fitri, zaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani, ni pishi moja kwa kila mtu unayemlisha kwa wajibu: mke, watoto wadogo, wazazi wasiojiweza. Pishi ni vibaba vinne. Kwa mchele huwa kama kilo 2.5, nasi tunashauri kutoa 3 ili kuondoa shaka. Matoke (ndizi za kupika), hata kama ndiyo chakula chako cha kila siku, hayawekwi akiba, basi usitoe mkungu. Unga wa posho nao kwa Shafi hautoshi. Toa punje za mahindi au mchele. Wahanafi huruhusu thamani kwa fedha. Ukiipa fedha kamati ya msikiti, uliza kama watanunua chakula, na uwape siku mbili kabla ya Idi wapate muda wa kugawa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua kuzama siku ya mwisho ya Ramadhani anatolewa zaka hiyo. Aliyezaliwa baada ya hapo hatolewi. Wakati bora wa kuitoa ni asubuhi ya Idi kabla ya swala. Aliyechelewa mpaka swala ikapita atoe siku ile ile, kwani jua likizama bila udhuru anapata dhambi, na deni linabaki shingoni mwake mpaka alilipe.