Bustani ya ndoo bila udongo: anza na ndoo moja barazani

Wiki ya nne baada ya kupanda ndoo zangu za kwanza hapa Sakina, Arusha, mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Machame. Asubuhi akafunua mfuniko, akakuta maji yameshuka hadi nusu. Kwa huruma akazijaza zote pomoni. Siku ya tatu saladi zikalala kama zimekosa maji mwezi mzima. "Mwanangu, hizi mboga zako zina kiu," akaniambia. Maskini, zilikuwa zimezama. Kosa ni langu, sikumweleza.

Wanaoanza wengi huua mboga kwa njia hiyohiyo. Hapa hatutumii pampu wala umeme. Ni njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mizizi ya chini inakunywa, ya juu inapumua. Maji yanavyopungua, nafasi ya hewa yenye unyevu inabaki chini ya mfuniko, na mizizi ya hapo inaota vinyweleo vya kuvuta oksijeni. Ukijaza ndoo tena, umeiziba pua.

Hatua ya 1: Ndoo

Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Iliyokuwa na mafuta ya kula inafaa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Iliyowahi kubeba dawa ya wadudu usiiguse.

Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, na mwanga huleta utando wa kijani unaokula mbolea yako. Ipake rangi nyeusi nje, kisha nyeupe juu yake ili isipate joto. Kuhakikisha, washa tochi ya simu, iweke ndani, funika, uangalie gizani.

Tundu la mfuniko nalitoboa kwa kopo tupu la nyanya. Lipashe kwenye jiko la mkaa, nje, maana moshi wa plastiki si mzuri, lishike kwa koleo, ulikandamize katikati. Kikombe cha mtindi, ndicho kitakachokaa kwenye tundu kikishika mche, kiwe na ukingo mpana kuliko kopo, kisije kikatumbukia. Kitoboe matundu mengi chini na ubavuni.

Hatua ya 2: Miche

Kata sponji ya godoro vipande vya sentimita 2 hadi 3, ichane kidogo katikati, tia mbegu, weka kwenye sahani yenye maji kidogo. Saladi huota ndani ya siku chache. Hamisha mche ukiwa na majani matatu au manne halisi. Anza na saladi au chainizi. Nyanya ziache kwanza, zinakunywa maji mengi mno kwa ndoo moja.

Hatua ya 3: Maji

Hapa Arusha ndipo kazi ilipo. Meru ni mlima wa volkano, na maji mengi ya chini ya ardhi kuuzunguka yana floraidi na bikaboneti nyingi, yaani chumvi zinazotoka kwenye miamba. Floraidi tunaijua kwa rangi ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo. Ila kwenye ndoo, anayekusumbua kwanza ni bikaboneti, kwa sababu inapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikishuka, uchachu unazidi). Mboga zinataka 5.5 hadi 6.5. Ikipanda zaidi ya 7, madini ya chuma yanakuwamo kwenye maji lakini mmea hauwezi kuyachukua: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu akiona hivyo anaongeza mbolea, na hali inazidi kuharibika.

Nilijaribu limao. Inashusha pH vizuri, kisha bakteria wanaila ile asidi na baada ya siku chache unarudi ulipokuwa. Maji ya betri yapo wanaoyatumia. Mimi sitii kwenye chakula. Suluhisho langu ni maji ya mvua kutoka kwenye bati, nikiiacha mvua ya kwanza ioshe paa. Yakiwa machache, nachanganya nusu kwa nusu na ya bomba. Karatasi za kupimia pH zinatosha.

Hatua ya 4: Mbolea

Kwenye duka la pembejeo ulizia NPK (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyuka yenye madini madogo, iliyotengenezwa kwa kilimo cha maji (ile yenye urea nyingi haifai), kalisiamu nitreti, na magnesi salfeti. Kwa lita 16 za maji mimi natia gramu 10 za NPK, gramu 5 za magnesi salfeti na gramu 10 za kalisiamu nitreti. Yeyusha kila moja peke yake kwenye maji mengi, kalisiamu iwe ya mwisho. Zikikutana zikiwa nzito zinaganda kama chokaa, na chokaa hiyo mmea hauinywi.

Hatua ya 5: Kupanda

Jaza hadi maji yaguse kitako cha kikombe, sentimita 1 au 2 tu. Weka mche, ziba uwazi wowote kwa sponji, la sivyo mbu watazaliana humo. Ndoo ikae chini ya paa lakini ipate jua la asubuhi. Masika ikiingia kupitia mfunikoni itafanya kile alichofanya mama mkwe.

Kisha iache. Saladi huwa tayari wiki tano hadi saba baada ya kuhamishwa, na Juni na Julai baridi huichelewesha. Maji yakikaribia kwisha kabla hujavuna, ongeza yenye mbolea nusu ya kipimo, yasipite robo ya ndoo. Mimi nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kila ndoo, na juu yake nimeandika USIJAZE.

Ukivuna, osha ndoo kabla ya kupanda tena. Maji yanayobaki namwagia mgomba nyuma ya nyumba.