Jinsi ya Kubadilisha Pampu ya Maji katika Mazda MX-5 ya Kizazi cha Kwanza (1989–1997)

Katika injini za lita 1.6 na lita 1.8 za Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje, uleule unaozungusha alteneta, lakini mwili wake umefichwa nyuma ya kava za mkanda wa taimingi, yaani mkanda unaounganisha krankshafti (mhimili mkuu wa injini) na kamshafti (mihimili inayofungua valvu). Kwa sababu hiyo, pampu haitoki mpaka mkanda wa taimingi utoke kwanza. Kuifungua pampu ni kazi ndogo. Kinachokula muda ni kusafisha uso wa bloku na kuirudisha taimingi mahali pake, na makosa mengi hutokea katika mambo hayo mawili.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba pampu ndiyo yenye hitilafu. Mwilini mwake mna tundu dogo ambalo kulanti (maji ya kupozea injini) hupitia pale sili ya ndani inapochakaa, nawe utaona mkauko mweupe au wa rangi ya kulanti chini ya puli yake. Themostati iko mbele ya kichwa cha injini, na gasketi yake ikivuja, maji huteremka hadi sehemu ileile na kumpotosha fundi; anza kutafuta unyevu kutoka juu. Kisha, injini ikiwa baridi na mkanda wa nje umelegezwa, shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza hata kidogo, au ikikwaruza unapoizungusha, beringi imekwisha. Usiendelee kuendesha gari lenye dalili hizi, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha alumini juu ya bloku ya chuma, na kikichemka sana hupinda.

Kwa kuwa utafungua kila kitu mpaka kwenye mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, nunua pia mkanda mpya, tenshena (puli ya kukazia mkanda) na springi yake, puli ya kuongozea, sili ya mbele ya krankshafti, sili mbili za kamshafti, gasketi ya kava ya valvu, themostati, na mikanda ya nje. Kwa maoni yangu, kufunga pampu mpya nyuma ya mkanda usiojulikana umri wake ni kupoteza kazi. Iweke pampu mpya kando ya ya zamani pale itakapotoka, ulinganishe matundu ya bolti na kimo cha impela (panga za ndani zinazosukuma maji).

Hatua ya 1: Kutoa maji na kusafisha njia

Injini ikiwa baridi kabisa, ondoa waya hasi wa betri, inua mbele ya gari na uliegemeze juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki. Fungua kizibo cha chini cha rejeta na ukinge kulanti. Mfumo mzima huchukua takriban lita 6. Kulanti ya ethilini glikoli ina ladha tamu na ni sumu, hivyo usiiache mahali ambapo mtoto au mnyama ataifikia. Ondoa bomba la hewa linalopita juu ya rejeta pamoja na mipira ya maji ya mbele. Kuitoa rejeta si lazima, ila nafasi utakayoipata inafaa usumbufu huo.

Legeza bolti za puli ya pampu kabla ya kuutoa mkanda wa nje, maana mkanda ukiwa umekaza ndio unaoizuia puli isizunguke. Baada ya hapo toa mikanda ya nje, puli ya pampu, plagi zote nne na kava ya valvu. Plagi zikiwa nje, injini huzunguka kwa mkono bila kukupinga.

Hatua ya 2: Kupanga alama

Zungusha krankshafti kwa spana kuelekea upande wa mishale ya saa, ukiitazama injini kutoka mbele, mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa katika mgandamizo. Gia za kamshafti zina herufi: I kwa upande wa kuingiza hewa na E kwa upande wa kutoa moshi. Herufi hizo zinapaswa kutazama juu na kulingana na alama za bamba lililo nyuma yake. Ongeza alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe, kisha piga picha.

Puli ya krankshafti hushikwa na bolti ndogo nne zinazoizunguka bolti kubwa ya katikati. Ukibadilisha sili ya mbele, bolti hiyo kubwa nayo lazima ifunguliwe, na hapo magari ya mwanzo yanahitaji uangalifu wa pekee. Yale yenye kitovu cha puli chenye nafasi nne, badala ya nane, yana krankshafti ya pua fupi (ncha ya mbele), ambayo ufunguo wake (kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze) hulika na kuharibu mfereji wake bolti isipokazwa ipasavyo. Kagua ufunguo na mfereji kwa taa; ukiona umepanuka, simamisha kazi na upate ushauri wa fundi wa mashine. Tumia kipimo cha kukazia kilichoandikwa kwa ajili ya krankshafti yako, kwa kuwa pua fupi na pua ndefu hutofautiana.

Toa kava zote tatu za taimingi, legeza bolti ya tenshena, uisukume tenshena dhidi ya springi na uikaze kwa muda, kisha uutoe mkanda. Huenda kamshafti moja ikaruka kidogo kwa nguvu ya springi za valvu. Usishtuke: katika injini hizi valvu hazigongani na pistoni, na sehemu ya pembe sita iliyo kwenye kamshafti itakuwezesha kuirudisha kwa spana.

Hatua ya 3: Kubadilisha pampu

Fungua bolti zinazolishika bomba la maji nyuma ya pampu, kisha zile za pampu yenyewe, huku ukizipanga kwa mahali zilipotoka. Ikikataa kutoka, igonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili. Ziba uwazi wa bloku kwa kitambaa, ukwangue gasketi ya zamani kwa kikwaruzo cha plastiki au cha shaba, umalizie kwa kitambaa chenye kiyeyushi mpaka kidole kisisikie kokote palipoinuka. Ipe hatua hii muda mrefu kuliko unavyodhani inahitaji, kwani chembe moja ya gasketi kuukuu inatosha kuvujisha pampu mpya. Gasketi mpya za karatasi ziwekwe zikiwa kavu, isipokuwa mtengenezaji wa pampu ameagiza vingine. Kaza bolti kwa kupishanisha, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia), kati ya Nm 19 na 25.

Hatua ya 4: Kurudisha taimingi

Funga sili mpya, kisha uvike mkanda ukianzia kwenye krankshafti, ukihakikisha upande usio na tenshena haulegei. Kati ya alama ya I na ya E hesabu meno 19 ya mkanda. Yakiwa 18 au 20, vua uanze upya. Achia tenshena ivutwe na springi, zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, utazame alama tena na kuhesabu meno tena. Ukaguzi huu usirukwe hata kama saa zimekwenda. Kaza bolti ya tenshena kwa Nm 37 hadi 52 ukifuata mpangilio wa kitabu cha huduma, kisha urudishe kava, puli, plagi na mikanda ya nje. Mkanda wa alteneta usikazwe kupita kiasi, kwa sababu mzigo wake huangukia moja kwa moja kwenye beringi ya pampu mpya.

Hatua ya 5: Kujaza na kutoa hewa

Changanya kulanti na maji yaliyokenekwa kwa kiasi sawa. Acha mbele ya gari ikiwa imeinuka, weka hita kwenye joto la juu kabisa, ujaze taratibu na uwashe injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Endelea kuongeza mapovu yanapotoka, mpaka themostati ifunguke, mpira wa rejeta upate moto na hita itoe hewa ya moto. Hita ikitoa hewa baridi ilhali injini imepata joto, bado kuna hewa imenaswa.

Baada ya safari fupi ya kwanza, subiri injini ipoe kabisa ndipo ukague kiwango cha kulanti, kwa maana mara nyingi hushuka kidogo. Matone machache kwenye tundu la pampu mpya katika saa za mwanzo yanaweza kuwa ya sili inayojikalisha, lakini yakiendelea baada ya hapo, irudishe pampu kwa muuzaji. Mkanda mpya wa alteneta nao hunyooka mapema, hivyo upime mkazo wake tena baada ya kilomita mia chache.