Bango la tamasha la filamu: tafuta wazo kwanza, kompyuta baadae

Wengi wakipewa kazi ya bango la tamasha wanafungua Canva, ile programu ya kudizaini, hapohapo, wanatupia kamera, mkanda wa filamu na bisi, alafu ndo wanatafuta pa kubandika jina. Bango la hivyo ukilibandika Nairobi au Kigali ni lilelile tu, halisemi kitu. Wewe chukua karatasi, andika mada ya mwaka huo, jiulize ni kitu gani kimoja cha kushikika ambacho mtu akikiona anaipata mada kabla hajasoma.

Tuchukue ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, maana tangu inaanza miaka ya 90 mwishoni inajulikana kama tamasha la nchi za majahazi na hata tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu, kwa hiyo kila mdizaina anakimbilia jahazi. Sio mbaya ila limechorwa mno, lazima ulipatie jahazi kazi ya kufanya. Tuseme mada ni safari: tanga ndo liwe skrini, mwanga wa projekta utokee huku tezini, yaani nyuma ya chombo, upige kwenye tanga, na vichwa vya watazamaji vionekane kwa chini kama vivuli. Na mchore vizuri jamani, tanga la jahazi ni la pembe tatu, linaning'inia kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, mlingoti umeinamia mbele kidogo. Ukiweka tanga la mraba watu wa pwani watakucheka kabla hata ya kuuliza tamasha lenyewe lini.

Mpangilio azima kwenye kanga: pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati), jina (maneno). Picha ikae mjini, jina la tamasha likae pale ambapo kanga inaweka maneno yake, tarehe na mahali chini yake. Pindo la rangi nzito lina kazi pia, kuta nyingi za Mji Mkongwe zimepakwa chokaa, bango jeupe lisilo na pindo linapotelea ukutani. Ila usikopi kanga nzima, nakshi moja inatosha.

Rangi mbili au tatu basi. Ile buluu ya bahari inayong'aa kwenye skrini ikiprintiwa inafifia vibaya sana, so anza na CMYK, yaani rangi za kuprintia, tangu mwanzo usije ukashtuka ukifika kwa mtu wa printa. Saizi A3 ni milimita 297 kwa 420, kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 3508 kwa 4961, ongeza milimita 3 kila upande za kukatia.

Ratiba ya filamu usiiweke, weka QR code watu waskani. Fonti mbili zinatosha. Logo za wadhamini zipange mstari mmoja chini, zote rangi moja, na hapa utagombana nao kwa sababu kila mdhamini anataka yake iwe kubwa, wewe shikilia msimamo.

Kabla hujatuma, liprinti A4 bila rangi, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa, kama jina na tarehe havisomeki ongeza ukubwa. Tengeneza na ya status ya WhatsApp, pikseli 1080 kwa 1920, upange upya sio kukata tu. Printa mpe PDF yenye fonti ndani yake, na ukimtumia kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na utaletewa bango lenye ukungu.