Mnaoenda fildi, tafuteni wadhamini mapema

Wadogo zangu mlio chuo mwaka wa pili mnaojiandaa kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, msiwaze saini ya logibuku (daftari la kazi za fildi) tu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ile ya serikali inayotangaza kazi za utumishi wa umma, yanataka uandike wadhamini (referees) watatu wa kuaminika, yaani watu wanaokufahamu wanaoweza kupigiwa waulizwe kuhusu wewe, na wengi wanaanza kuhangaika wakishamaliza chuo, unampigia lekchara hata sura yako haikumbuki, inauma sana. Sasa fanya hivi, wiki ya mwisho ya fildi mfate yule aliyekua anakusimamia ofisini, mwambie "shikamoo, naomba siku nikiomba kazi nikuweke kama mdhamini wangu", akikubali chukua namba, imeili na cheo chake vizuri, halafu mtumie meseji fupi ya kushukuru ukitaja kazi uliyofanya pale, mfano "mimi ndo yule niliyekua napanga mafaili ya madai na kuingiza kwenye Excel". Hiyo meseji inabaki kwenye simu yake, akipigiwa mwakani ana cha kusema. Na kila baada ya miezi kadhaa msalimie jamani, hata Idi au Krismasi, usimtafute siku ya shida tu.