Kabla hujalipia kijumba cha ajabu Jambiani

Picha ndiyo iliyotuponza. Kijumba cha mawe ya matumbawe kilichopakwa chokaa, paa la makuti limeshuka hadi unainama kuingia, kitanda kiko juu darini na unakipanda kwa ngazi ya boriti za mikoko, bafu halina paa na katikati yake umesimama mpapai. Mlango ulichongwa kutoka ubavu wa ngalawa kuukuu, rangi ya bluu bado inaonekana. Mdogo wangu alikiona kwenye simu saa tatu usiku. Saa nne tulikuwa tumeshatuma malipo ya awali, na hatukuwa tumeuliza swali hata moja.

Tangu siku hiyo nimelala kwenye vijumba vya namna hiyo mara kadhaa, vingi vikiwa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu kushuka hadi Makunduchi. Navipenda kuliko hoteli. Ila hotelini kuna mapokezi, mtu wa kumlalamikia. Kijumba kina mlinzi, tena mara nyingi mzee wa kijiji, na kina tabia zake ambazo anayezijua ni huyo mzee tu. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kutuma hata shilingi, ni kuomba namba yake. Mwenye nyumba anaweza kuwa yuko Dar au Muscat na mara ya mwisho kulala humo hakumbuki. Ongea na anayeshika funguo.

Muulize maji. Usiulize kama yapo, kwa sababu utajibiwa yapo. Uliza yanatoka wapi, yanapandaje kwenye tangi, na tangi ni la lita ngapi. Sisi tulifika mchana wa jua kali, mama yangu akakimbilia bafuni kwenye ule mpapai, akafungua bomba, likakohoa mara mbili na kunyamaza. Nikamfuata mlinzi. "Binti yangu, maji yapo," akasema kwa upole kabisa, "yanangoja umeme tu." Pampu ilikuwa ya umeme, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na tangi lilikuwa la lita 500 ambalo wageni waliotutangulia walilimaliza asubuhi ile. Tulioga kwa kata na ndoo tatu alizotuchotea kisimani kwa jirani. Sabuni ikagoma kutoa povu, maana visima vya karibu na bahari vina chumvi. Kichwani ndiyo usiseme: nywele zilikuwa ngumu kama usumba.

Tangu hapo napiga hesabu. Mtu mmoja anayeoga mara mbili na kwenda chooni kistaarabu hamalizi siku chini ya lita 40. Watu wanne ni lita 160, yaani tangi la 500 ni siku tatu, na wakiwemo watoto wanaojisuuza mchanga kila saa, mbili. Ukiambiwa pampu huwashwa asubuhi na jioni, jaza ndoo mwenyewe kila jioni. Maji ya kunywa nunua ya madumu tangu siku ya kwanza, usijaribu ya kisima. Umeme nao ni wa kulipia kabla: Unguja wanauita Tukuza, ndugu yake LUKU ya bara. Uliza nani ananunua uniti, wewe au mwenye nyumba, na namba ya mita uiandike kwenye karatasi. Ukizimikiwa saa nane usiku, namba iliyoandikwa kwenye boksi lililo juu ya ukuta wa nje haitakusaidia.

Sasa bahari, na hapa ndipo watu wa mjini tunapokosea zaidi. Jambiani bahari huondoka. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kwa kuwa ufukwe ni tambarare, maji yakipwa hurudi nyuma kilomita nzima au zaidi, karibu na mwamba ambako mawimbi yanapasukia. Nimeona familia imeshuka kwenye gari na maboya mikononi, wamesimama mbele ya tope jeupe na ngalawa zilizolala ubavu, wanatazamana.

Usiiachie bahati. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani, hesabu unayo tayari. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku tatu nne zinazofuata. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Katikati ya bamvua na bamvua, tuseme kuanzia tarehe 8 na tarehe 22 za mwezi, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na saa zake zimepinduka. Ndiyo kusema, anayetaka kuogelea asubuhi na watoto achague maji mafu. Anayetaka kutembea hadi mwambani kuangalia nyota za bahari na kupiga picha achague bamvua, ila awe amegeuza kurudi kabla maji hayajaanza kuingia. Maji yanayojaa hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na unakuja kushtuka umebaki kisiwani.

Viatu vya kufunga ni lazima. Kandambili hunyonywa na tope na kubaki humo. Yeboyebo zenye mkanda nyuma zinatosha. Kuna wale viumbe weusi wenye miiba kama nungunungu, wamejaa kwenye majani ya baharini, na mwiba wao ukiingia hukatikia ndani. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na hapo ndipo nilipouelewa ule mpapai wa bafuni. Ukivimba au ukashindwa kuutoa, nenda kituo cha afya, usichimbe na sindano.

Jambo jingine la huko huko majini. Vile vijiti vilivyopangwa kwa mistari na kamba ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza upande huo mwaka 1989 na wakulima wake wengi ni akina mama. Kamba moja ukiikanyaga umekanyaga kazi ya wiki kadhaa. Pita pembeni, salimia, na usielekeze kamera kwa mtu aliyeinama hadi umeomba.

Kuhusu majira: masika, Machi hadi Mei, bei hushuka na baadhi ya nyumba hufungwa. Mimi ningekwenda masika kwa sharti moja tu, nijue paa liliezekwa lini. Makuti huoza, na makuti yaliyochoka huvuja mahali pamoja, na mahali hapo kwa sababu nisizozijua huwa ni juu ya mto wa kitanda. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa sita, upepo unapiga moja kwa moja kutoka baharini. Ni baridi tamu, mbu wachache, lakini mwani na majani hutupwa ufukweni na hunuka, na usiku ukiwa darini unasikia paa zima linapumua. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto ni la tanuri. Kijumba kisicho na feni wakati wa kaskazi kikatae, hata kiwe kizuri vipi.

Hayo makuti yana hatari moja ambayo haina mzaha. Moto ukishika paa, hakuna wa kuuzima. Mshumaa usiwashwe ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe nje, kwenye sahani yenye mchanga, na usiku beba taa ya chaji. Kabla ya kulala, panda na ushuke ile ngazi mara mbili gizani, uone itakuwaje ukilazimika kukimbia. Mama yangu alipanda mara moja, akakaa kitandani akatafakari, kisha akasema yeye na magoti yake watalala chini, na godoro likashushwa. Ukisafiri na mzee, mjamzito au mtoto wa kutambaa, uliza kama kuna kitanda cha chini. Picha haipimi ngazi.

Halafu kuna wageni wasiolipa. Komba hulia usiku kama mtoto mchanga aliyebanwa mlangoni, na asiyemjua hawezi kulala tena. Hana neno na wewe, anataka ndizi ulizoacha mezani. Matunda yaingie kwenye chombo chenye kifuniko, na sukari vilevile kwa ajili ya sisimizi. Chandarua kikague mchana; mimi husafiri na sindano na uzi, na kila kijumba nimeshona tundu moja au mawili. Chumvi ya hewani inakula kufuli hadi funguo hukwama, kwa hiyo kichupa kidogo cha mafuta ya cherehani kina nafasi yake kwenye begi.

Jikoni uliza ni gesi au mkaa, na kama mtungi una kitu ndani. Katika kijumba chetu tulikuta mbuzi ya nazi nzuri mno, ya mti mweusi, lakini kisu hakuna. Beba kisu. Samaki usinunue mapema. Ngoja ngalawa zirudi, mlinzi atakuambia saa, na akienda yeye kupatana utalipa nafuu. Kama kuna mama jirani anayepika kwa malipo, mpe kazi hiyo na mkubaliane bei kabla, pweza wake wa nazi hutamfikia.

Ni kijijini, watu wanaishi. Nguo ya kuogelea inaishia mchangani. Ukikatiza njia ya kwenda dukani, jitande kanga. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo iangalie kabla ya kupanga tarehe: ikikukuta huko, mchana kula na kunywa ndani, na jioni utaitwa futari mpaka ushindwe.

Safari yenyewe si ngumu. Boti za kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili, tiketi inafuata jina lililo kwenye kitambulisho, na wakati wa kusi kaa chini, nyuma, na tangawizi mkononi. Kutoka mjini hadi Jambiani kuna daladala, au teksi mkipatana kabla ya kupanda. Siku ya kurudi usipange boti ya asubuhi sana. Na betri, chupa na nepi za mtoto rudi nazo mjini, maana shimo la taka la kijumba liko hatua ishirini kutoka kwenye kile kisima cha jirani.